Chombo cha angani ndani ya karto: namna ya kuchagua matofali ya kuchezea kwa watoto wa Lusenda, na kwa wanaoyakusanya

Ujumbe wa namna hii unafika mara nyingi kwenye simu, hasa mwisho wa mwaka: «Nimutumie mtoto nini?» Ndugu aliye Marekani, Kanada, Australia ao Ulaya anauliza, na mzazi aliye Lusenda, Mboko ao Baraka anapaswa kujibu mbele megabaiti hazijaisha. Mtoto naye ameshajibu. Ameona filamu kwenye simu ya kaka yake, anataka chombo cha angani, kile cha matofali madogo ya plastiki ambacho mtu anakijenga mwenyewe.

Jibu la haraka ni «mutumie tu». Shida inakuja karto ikifika. Mtoto wa miaka 4 anapewa seti ya vipande 600 ambayo hata baba yake haiwezi. Ao kipande kimoja cha bawa kinaanguka katika mchanga siku ya kwanza, na chombo hakisimami tena. Ao matofali yenyewe hayashikani. Feza imetoka, na hakuna duka la kurudishia. Ni afazali kujua mapema nini cha kuomba.

Seti hizi ni nini

Matofali ya kuchezea ni vipande vya plastiki vyenye vinundu juu na matundu chini. Vinundu vya kipande kimoja vinaingia kwa nguvu kidogo chini ya kingine, vinashikana bila gundi, na vinaachana mtoto akivivuta. Kampuni inayojulikana zaidi, LEGO, ilianzishwa mwaka 1932 na seremala wa Denmark, Ole Kirk Kristiansen, katika kijiji cha Billund. Alianza na vitu vya mbao. Jina linatoka katika maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya «cheza vizuri». Tofali la plastiki kama tunavyolijua leo liliandikishwa serikalini tarehe 28 Januari 1958, na kipimo chake hakijabadilika tangu siku hiyo: tofali la mwaka 1958 linashikana na lililotoka kiwandani mwaka huu.

Hilo la mwisho si jambo dogo kwa mnunuzi wa Lusenda. Maana yake ni kwamba matofali ya zamani yaliyojaa vumbi katika mfuko wa mitumba bado ni mazima, na seti ya leo itaungana na ile itakayokuja miaka mitano baadaye.

Seti za hadithi za kisayansi, ni kusema roketi, roboti, vituo vya angani, magari ya kutembea juu ya mwezi na vyombo vya kwenye filamu, zilishika njia mwaka 1978, wakati kampuni hiyo ilitoa mfululizo wake wa safari za angani pamoja na wale watu wadogo wa plastiki wenye mikono na miguu inayosogea. Mwaka 1999 zikafuata seti za filamu za Star Wars, na hapo bei zikaanza kupanda ngazi, kwa sababu jina la filamu linalipiwa.

Swali moja mbele ya yote

Picha iliyo juu ya karto inaonyesha chombo kimoja kizuri. Mtoto atakijenga mara moja, pengine kwa siku mbili. Basi swali la kumuuliza muuzaji, ao la kujiuliza mwenyewe, ni hili: siku ya tatu, akikibomoa, atajenga nini kingine?

Kuna seti ambazo jibu lake ni «karibu hakuna». Vipande vyake vimetengenezwa kwa ajili ya chombo kimoja tu: bawa la umbo la pekee, kioo cha rubani, mkia uliopinda. Kipande kimoja kikipotea, kazi yote inaharibika. Na kuna seti ambazo vipande vyake vingi ni matofali ya kawaida, ya pembe nne, yenye vinundu 4, 6 ao 8. Hizo hazina mwisho. Wahesabu walionyesha kwamba matofali 6 tu ya vinundu 8, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Mtoto akipoteza moja, yanabaki 5, na 5 hayo bado yanajenga.

Hapa ndipo Lusenda inatofautiana na muji mukubwa wa Ulaya. Kule, mzazi anaagiza kipande kilichopotea na kinafika kwa posta. Hapa, kilichoanguka kati ya nyumba na kisima kimeondoka. Kwa hiyo, kwa mtoto wa hapa, seti bora ni ile inayovumilia kupoteza.

Mifano miwili inasaidia. LEGO ilitoa mwaka 2023 seti ndogo yenye namba 31134, chombo cha angani cha vipande 144 kwa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, na vipande hivyo hivyo vinajenga pia mwana-anga ao chombo cha namna nyingine. Bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 10. Ile ya pili, namba 11022, ya mwaka 2022, ni ya vipande 1,700, mingi ikiwa matofali ya kawaida, na inajenga vitu vidogo kumi vya angani. Hiyo ni ya kugawana watoto wengi. Seti hazikai dukani milele, mara nyingi zinaondolewa kisha miaka miwili ao mitatu, lakini ukimutumia ndugu namba hizo ataona ni aina gani unayotafuta, na muuzaji wa kule atamuonyesha ya sasa inayofanana nazo.

Mara nyingi watu wanahesabu bei ya kipande kimoja: gawa bei kwa idadi ya vipande. Ile ya dola 10 inafika senti 7 kwa kipande. Chombo kikubwa cha Star Wars kiitwacho Millennium Falcon, namba 75192, kilichotoka mwaka 2017 na vipande 7,541, kiliuzwa karibu dola 800, kama senti 10 na nusu. Hesabu hiyo ni nzuri, lakini inadanganya pia. Kuna seti zilizojazwa vipande vidogo kama punje za mahindi ili namba iliyo juu ya karto iwe kubwa. Mwambie ndugu aangalie picha ya nyuma ya karto, si namba ya mbele tu.

Umri, koo na betri

Namba ya umri iliyo kwenye karto watu wengi wanaisoma kama kipimo cha akili: «mwanangu ni mwerevu, mpe ya miaka 8». Kwa mtoto mkubwa, sawa, inaweza kuwa hivyo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, ile namba ni habari ya koo. Alama ya uso wa mtoto uliokatwa kwa mstari mwekundu, yenye 0-3, inasema kuna vipande vinavyoweza kuziba pumzi. Alama hiyo haibishaniwi.

Viwanda vinapima kwa bomba lenye upana wa milimita 31.7: kipande kinachoingia chote ndani yake hakipewi mtoto wa chini ya miaka 3. Nyumbani mtu anaweza kukunja karatasi ngumu iwe bomba la upana wa sentimita 4, na kujaribu. Karibu kila tofali la seti za kawaida litaingia. Ndiyo maana kuna matofali makubwa ya Duplo, yaliyoanza mwaka 1969, yenye urefu, upana na kimo mara mbili ya yale madogo, kwa watoto wa mwaka 1 na nusu hadi 5. Hata humo kuna vyombo vya angani. Seti namba 10944 ya mwaka 2021 ni roketi ya vipande 23 tu, na tofali dogo linashikana juu ya Duplo, kwa hiyo haipotezi kazi mtoto akikua.

Katika nyumba nyingi za kambini na za vijijini, mtoto wa miaka 9 na mdogo wake wa mwaka mmoja wanalala chumba kimoja na wanacheza juu ya mkeka mmoja. Umri wa kuangalia hapo ni wa yule mdogo. Ao basi mkubwa acheze juu ya meza, na beseni lifunikwe na kuinuliwa kisha mchezo.

Mtoto akimeza kipande laini cha plastiki na anapumua vizuri, mara nyingi kinatoka chenyewe. Mwaka 2018 waganga 6 wa watoto walimeza kila mmoja kichwa cha mtu mdogo wa LEGO ili kuona, na vilitoka kwa wastani chini ya siku 2. Mmoja wao hakukiona kabisa, ingawa alitafuta. Lakini hao walikuwa watu wazima, na kichwa kilipita njia ya chakula. Kipande kilichoingia njia ya hewa ni jambo lingine, na mtoto anayekohoa bila kuacha ao anayepumua kwa mlio apelekwe sentre ya afya mara moja.

Betri za duara, zile bapa kama kifungo cha shati, ndizo za kuogopa kuliko yote. Roboti za bei ndogo zinazowaka taa zinazitumia sana, na mara nyingi kifuniko chake hakina hata parafujo. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa 2 tu. Sumaku ndogo ni vilevile: mbili zikimezwa zinavutana ndani ya matumbo na kuyatoboa. Chombo cha angani kisichowaka taa na kisicho na sumaku ni chombo kizuri. Mtoto atafanya mlio kwa mdomo wake.

«Ni ya kweli ao ni ya Chine?»

Swali hili linaulizwa sokoni Baraka juu ya kila kitu, toka simu mpaka viatu, na juu ya matofali linaulizwa vibaya. Haki ya kipekee ya LEGO juu ya tofali lenyewe iliisha zamani, na mwaka 2010 korti kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali haliwezi kuwa alama ya kampuni moja. Kwa hiyo kampuni nyingine zinatengeneza matofali yanayoshikana na ya LEGO, kwa jina lao wenyewe, na hawavunji sheria yoyote. COBI ya Poland ni mfano. Kisha kuna wale wanaoiba picha, jina na sanduku. Alama ya Lepin ilijulikana sana kwa hilo: polisi wa China waliingia katika viwanda vyake mwaka 2019, na mwaka 2020 korti ya Shanghai ikamuhukumu mkubwa wa kazi hiyo miaka 6 gerezani na faini ya yuan milioni 90.

Kwa mzazi, jambo la maana ni plastiki. Jina la LEGO limeandikwa juu ya kila kinundu, kwa herufi ndogo sana. Kama kinundu ni tupu, ni cha kampuni nyingine, na hiyo peke yake si zambi. Jaribu hivi mbele ya kulipa. Unganisha matofali mawili na uyainue kwa lile la juu: la chini lisianguke. Yaachanishe: yasihitaji meno. Pitisha kidole pembeni: kusiwe na ncha inayokata. Nusa: harufu kali ya rangi ao ya mafuta si dalili nzuri kwa kitu kitakachoingia mdomoni. Sugua kwa kitambaa chenye maji: rangi isitoke. Muuzaji akikataa karto ifunguliwe, mwombe akuonyeshe hata vipande vinne vya karto nyingine. Akikataa na hiyo, kuna wauzaji wengine.

Tofali linaloshikana hafifu lina hasara ambayo watu hawaioni siku ya kununua. Mtoto anajenga, inaanguka. Anajenga, inaanguka. Mara ya tano anaamini kwamba yeye ndiye hajui.

Vita vya angani

Hadithi nyingi za angani ni za vita: meli kubwa zinazopigana, bunduki za mwanga, majeshi mawili. LEGO kwa miaka mingi imekataa kutengeneza silaha za vita vya kisasa, na mwaka 2020 iliondoa seti ya ndege moja ya kijeshi ilipokuwa karibu kuuzwa. Lakini bunduki za Star Wars ziko ndani ya karto, na kampuni nyingine zinauza vifaru bila haya.

Lusenda ilifunguliwa mwaka 2015 kwa Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka ule. Wenyeji wa Fizi nao hawahitaji filamu kujua mtu mwenye silaha anafanana namna gani. Kuna wazazi wanaokataa kabisa kitu chochote chenye bunduki kuingia nyumbani, na kuna wanaosema mtoto anacheza vita hata kwa fimbo ya muhogo, kwa hiyo kukataza ni bure. Wote wawili wanasema jambo la kweli. Kwa mnunuzi, njia nyepesi ni kuchagua upande wa utafiti: gari la mwezini, kituo cha angani, roketi yenye mnara wake, maabara ya sayari nyingine. Seti hizo zina kazi nyingi za kugawana, mmoja anaendesha, mwingine anachimba mawe, mwingine anazungumuza na dunia kwa redio. Kama karto imeshafika na bunduki ndani, vipande hivyo viwili vitatu vinaweza kuondolewa kimya-kimya mbele mtoto hajaiona. Mtoto akijenga bunduki mwenyewe kwa matofali, hakuna haja ya kumpiga. Mara nyingi muzazi akiuliza «na hawa wanakimbilia wapi?», mchezo unageuka.

Wakusanyaji ni soko lingine

Kuna watu wazima wanaonunua seti hizi kwa ajili yao wenyewe, na si wachache kule ng'ambo. Baadhi wanajenga na kuweka juu ya kabati. Baadhi hawafungui karto, wanangoja bei ipande. Utafiti wa wanauchumi wa Moscow uliotoka mwaka 2021, ulioangalia bei za seti zilizofungwa toka 1987 mpaka 2015, ulikuta wastani wa faida ya karibu asilimia 11 kwa mwaka. Habari hiyo ilizunguka sana, na vijana wengine walianza kusema matofali ni bora kuliko zahabu.

Taratibu. Wastani unachanganya zilizopanda sana na zilizoanguka. Tena kampuni inaweza kutoa upya kile watu walichokificha. Millennium Falcon ya mwaka 2007, ya vipande zaidi ya 5,000, ilikuwa na bei ya ajabu kati ya wakusanyaji; ile kubwa zaidi ilipotoka mwaka 2017, bei ya ile ya zamani ilishuka. Chombo kiitwacho Galaxy Explorer, cha mwaka 1979, kilirudi mwaka 2022 kama seti namba 10497, ya vipande 1,254, kwa watu wazima wanaokumbuka utoto wao.

Kwa mkusanyaji karto ndiyo nusu ya mali. Pembe ikipondeka, bei inashuka. Unyevu wa ziwa, panya na mvua inayopita chini ya bati si marafiki wa karto, na hakuna mnunuzi wa Baraka atakayelipa dola 300 kwa sanduku lisilofunguliwa. Kijana wa hapa anayetaka kukusanya kwa sababu ya faida afanye hivyo na ndugu aliye kule: seti ibaki kule, mahali pakavu na penye wanunuzi, na mapatano yaandikwe. Anayekusanya kwa kupenda anaweza kuanza na kitu kidogo zaidi, wale watu wadogo wa plastiki wenye mavazi ya angani, ambao wanaingia katika kisanduku cha sabuni na hawaogopi unyevu. Jua wanaliogopa. Plastiki hiyo ikikaa juani kwa muda mrefu, nyeupe na buluu zinageuka manjano.

Kifurushi chenyewe

Kwa mtoto, mambo yanageuka: karto itupwe. Ndugu akitoa vifuko ndani ya karto, akavipanga katika mfuko wa nguo pamoja na kitabu cha maelekezo, kifurushi kinakuwa kidogo na nafuu kusafirisha, kiwe kinapita Bujumbura na Uvira ao kinavuka ziwa toka Kigoma. Vifuko vya seti kubwa vina namba. Avihesabu mbele ya kutuma na apige picha, kwa sababu kampuni inasikiliza malalamiko ya kipande kilichokosekana, na ni rahisi zaidi kulalamika ukiwa kule. Kitabu kikipotea, maelekezo ya seti nyingi yanapatikana bure kwenye tovuti ya kampuni, na mtu mwenye intaneti nzuri Uvira anaweza kuyashusha kwenye simu.

Kitabu hicho kina sifa moja inayofaa Lusenda kuliko mahali pengine: hakina maneno. Ni picha tupu, hatua kwa hatua. Mtoto anayesema Kirundi na mwenziye wa Kibembe wanaweza kukaa mbele ya ukurasa mmoja bila mtu wa kuwatafsiria, na bila Kifaransa cha shuleni.

Seti za mitumba zinafaa pia. Zioshwe katika beseni la maji ya vuguvugu, yasizidi nyuzi 40, na sabuni kidogo. Maji ya kuchemka yanapinda matofali, na hapo hayashikani tena. Yaanikwe kivulini.

Watoto hamsini, beseni moja

Shule na vituo vya watoto vina hesabu yao. Chombo kimoja kikubwa kitajengwa na watoto watatu wenye nguvu huku 47 wakitazama. Feza ile ile ikinunua matofali ya kawaida yanayogawanywa katika mabeseni 10, kila kikundi kinapata kazi: jengeni kitu cha kuvusha watu watano kwenda mwezini, na kisianguke mkikisukuma kwa kidole. Bashi la plastiki chini ya miguu linaokoa vipande vingi. Idadi iandikwe pembeni ya beseni kwa kalamu isiyofutika, na kikundi kihesabu mbele ya kuondoka. Hesabu hiyo ni somo pia.

Inafaa kujua kwamba hata wenye matofali hawategemei matofali tu. Mwaka 2019 mfuko wa hisani wa LEGO ulitoa dola milioni 100 kwa shirika la IRC kwa kazi iliyoitwa PlayMatters, kwa watoto wakimbizi na wenyeji wa Ethiopia na Uganda, na baadaye Tanzania. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufundisha waalimu kufundisha kwa mchezo, na vitu vinavyotumika ni vile vinavyopatikana pahali pale: mawe, vifuniko, vijiti, karto.

Bila feza ya karto

Kongo ina historia yake ya vyombo vya kesho. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kuaga dunia 2015, alikuwa mwalimu na kisha mrekebishaji wa vitu katika majumba ya makumbusho ya taifa Kinshasa. Kwa karatasi, karto, plastiki na vifuniko vya chupa alijenga miji midogo ya wakati ujao, yenye minara ya rangi isiyoonekana popote duniani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa safi mpaka wakubwa wa makumbusho wakashuku ameiiba, ikabidi ajenge nyingine mbele yao. Mwaka 2018 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilionyesha kazi zake peke yake.

Na fikira ya kujenga roketi kwa vipande vinavyofanana, sawa na matofali, imepita kusini kwetu. Kampuni ya Ujerumani iitwayo OTRAG ilifunga mabomba ya namna moja pamoja na kuyarusha toka Shaba, karibu na mto Luvua, mwaka 1977 na 1978. Urushaji wa tatu, tarehe 5 Juni 1978, ulianguka mbele ya macho ya Mobutu. Miaka 30 baadaye, huko Menkao karibu na Kinshasa, injinia Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake za Troposphère, na ile ya mwaka 2009 ilibeba panya. Nayo haikufika. Hadithi hizo watoto wanazipenda sana, hasa ya panya.

Seremala yeyote wa Baraka ana mabaki ya mbao anayoyachoma moto. Akiombwa ayakate kwa kipimo kimoja, urefu mara mbili ya upana na upana mara mbili ya unene, vipande 60 vinatosha kikundi cha watoto watano. Visuguliwe kwa msasa pande zote sita. Visipakwe rangi ya mafuta ya bei ndogo, kwa sababu rangi nyingine zina risasi ndani, na mtoto anatafuna. Mbao hazina vinundu, kwa hiyo chombo kinasimama kwa uzito tu. Bawa linahitaji mzigo upande wa pili. Karto ya sabuni inakuwa ukuta wa kituo, kifuniko cha chupa ya maji ni dirisha, na waya wa baiskeli ni antena. Matofali machache ya plastiki yakifika toka ng'ambo baadaye, hayo yawekwe pale pasipowezekana kwa mbao: kwenye bawaba, gurudumu na kiti cha rubani.